Mzae wa Muvi Soo na Mbili

Wasee wengi walishtukia Korea juzi tu. Parasite, Squid Game, basi, kila mtu mtaani ni mtaalamu. Poa. Lakini kama hujawahi kuskia mwelekezi mzae anaitwa Im Kwon-taek, rada yako iko nusu.

Im ni mtu wa ocha, Jangseong, Jeolla Kusini, enzi Wajapani ndio walikuwa wadosi wa Korea. Akiwa chali mdogo alihepa home akatokea Busan, akapiga vibarua na kuuza buti za masoja wa Marekani. Baadaye akaingia Seoul, kazi ya kutumwa-tumwa kwa seti za muvi, na 1962 akaangusha yake ya kwanza.

Hapo mashine ikawaka. Siku hizo sheria ilikuwa imebana: kampuni isipotoa muvi za kutosha kila mwaka, leseni inaenda. Na ndio uruhusiwe kuleta zile za majuu zenye ganji, lazima kwanza utoe za kwenu. So madosi wa studio walitaka idadi tu. Im akawapea: mapenzi, mapanga, vita, majasusi, machozi. Miaka kumi, kama muvi hamsini. Na kuna msee hapa hajamaliza video moja ya TikTok tangu Januari.

Mzae mwenyewe hajivunii hizo za mwanzo. Mimi naona anajionea. Hiyo spidi ndio ilimfunza kamera inakaa wapi.

1973, na Weeds, akaanza kubadilisha gia. 1981 ikaja Mandala, risto ya watawa wawili wa Kibudha wakizurura. Lakini usidhani aligeuka mtakatifu: 1990 aliangusha General's Son, magenge ya Seoul wakizichapa enzi za Mjapani, na watu wakafurika hadi ikabidi aongeze zingine mbili.

Alafu 1993, Sopyonje. Familia ya waimbaji wa pansori, zile risto za kuimbwa za kitamaduni za Korea, na buda anampofusha binti wa kulea ndio sauti yake ibebe uchungu. Manze! Na hiyo noma yote, bila ngumi, ndio muvi ya kwanza ya Korea kupitisha mita moja ya watazamaji Seoul.

2002 tamasha la Cannes likampea tuzo ya mwelekezi bora kwa Chihwaseon, risto ya mchoraji mlevi. Akagawana na mwelekezi wa Marekani, Paul Thomas Anderson.

Namba 102, Hwajang, ilitoka 2014: mdosi wa vipodozi, bibi anadedi na kansa, na jamaa macho yako kwa dem wa ofisi. Anayecheza huyo mdosi ni Ahn Sung-ki, mmoja wa wale watawa wawili wa Mandala.