Mgongo Uliopotea



Watoto wetu hufundishwa shuleni makundi matano ya wanyama wenye uti wa mgongo. Samaki hupumua kwa matamvua. Chura huanza maisha majini kama kiluwiluwi, kisha hupata mapafu. Nyoka, mamba na kobe wana magamba. Ndege wana manyoya. Wanyama wanyonyeshao wana nywele na maziwa; ndiyo sababu popo si ndege, wala nyangumi si samaki. Nasi wanadamu tumo humo.

Lakini ukoo wenyewe ni mpana zaidi, nao huitwa kodata. Alama zake ni fimbo laini ipitayo mgongoni, kamba ya fahamu juu yake, matundu kooni, na mkia. Hata mtoto wa binadamu huwa na dalili zake tumboni mwa mamaye, kabla pingili za mifupa hazijachukua mahali pa ile fimbo.

Wako kodata wawili wa baharini wasio na mfupa hata mmoja. Wa kwanza ni amfioksi, mdogo kama kidole, ajifichaye mchangani. Fimbo aliyozaliwa nayo hukaa nayo hata kufa. Wa pili ni tunikata. Wengi wa jamii yake huogelea utotoni kama viluwiluwi, wakiwa na fimbo, kamba na mkia. Baada ya muda mfupi hujibandika mwambani kwa kichwa. Mkia huyeyuka, fimbo hupotea, kamba hubaki fundo dogo tu. Tangu hapo mnyama huyu ni kama mfuko, avuta maji na kuchuja chakula.

Hatumlaumu, ndivyo alivyoumbwa. Lakini Mkristo je? Alipopata kipaimara alikuwa mwepesi kutembelea wagonjwa na kukataa rushwa. Kisha akapata cheo na kiti cha mbele kanisani, akakaa. Sasa kazi yake ni kupokea. Mjane akinyang'anywa shamba, yeye hana mgongo wa kusimama naye. Kanisa la Efeso lilionywa kwa sababu lilipoa namna hiyo.

Ndugu, Mungu hatudai ukubwa. Amfioksi ni mdogo, lakini alichopewa angali nacho. Juma hili, yuko nani karibu nawe anayehitaji mtu wa kusimama naye? Inuka, uende kwake.

Bwana awabariki. Amina.