"AMEJITAKIA MWENYEWE": UNGA, BANGI NA MIRUNGI VINAFANYA NINI KWENYE UBONGO NA MWILI

Ukikatiza maskani nyingi za Dar hukosi kumwona kijana amesinzia huku amesimama, magoti yamekunja, kichwa kinaelekea chini lakini haanguki. Watoto wanacheka, wakubwa wanageuza shingo. Wengi wetu tunamalizia na neno moja tu: "amejitakia". Haya, mara ya kwanza tuseme alijitakia. Je, mara ya mia? Hapo ndipo nataka tuelewane leo, kwa sababu kutoelewa kwetu kunachangia kuua watu, na huko chini nitaeleza kivipi.

UBONGO UNA MSHAHARA WAKE
Ukila ukiwa na njaa, timu yako ikishinda, ukiwa na mtu unayempenda, ubongo unatoa kemikali inaitwa dopamini. Chukulia kama mshahara: ubongo unakwambia "hiki kizuri, kirudie tena". Bila mfumo huo binadamu asingehangaika hata kutafuta chakula.

Dawa za kulevya karibu zote zinagusa mfumo huo huo, kila moja kwa njia yake, na dopamini inayotoka inaweza kuzidi kwa mbali ile ya chakula au mpira. Sasa ubongo nao si mjinga. Ukiona kelele zimezidi unapunguza sauti, yaani unapunguza vipokezi vinavyoipokea hiyo kemikali. Matokeo yake ni mawili. Kwanza, kipimo cha jana leo hakitoshi, lazima aongeze. Pili, vitu vya kawaida vinakosa ladha. Pilau haina raha, muziki hauna raha, hata mtoto wake mwenyewe hamletei furaha kama zamani.

Wakati huo huo sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, ile inayopima mambo na kusema "hapana, acha", inadhoofika. Ni gari lililokanyagwa mafuta huku breki zimelegea. Ndiyo maana teja anaweza kulia asubuhi kwamba anataka kuacha, na jioni akauza sufuria ya mama yake. Wala asubuhi hakuwa anaigiza!

UNGA
Mwili una dawa zake wenyewe za kutuliza maumivu, zinaitwa endofini. Heroini ikifika kwenye ubongo inageuka kuwa mofini na kukalia vipokezi vile vile vya endofini. Mtu anapata stimu, kisha analegea na kusinzia. Tatizo ni kwamba vipokezi hivyo vipo pia kwenye shina la ubongo, panapoendeshwa pumzi. Kipimo kikizidi, mtu anakoroma ajabu, anapumua kwa kuachia achia, midomo na kucha zinabadilika rangi, halafu kimya. Kinachomuua hasa ni kukosa pumzi.

Na arosto je? Kwa kuwa heroini ilikuwa inaingia kila siku, mwili umejipanga upya kuishi nayo. Ikikosekana, kila kilichokuwa kimelazwa kinaamka kwa fujo. Kuanzia masaa 6 hadi 12 baada ya kete ya mwisho anapiga miayo, mafua yanamtoka, vinyweleo vinasimama, kisha vinakuja kutapika, kuharisha na maumivu ya misuli na mifupa. Siku ya pili na ya tatu ndiyo balaa zaidi, baada ya wiki hivi yanapungua. Ukishajua hivyo utaelewa kwamba teja mkongwe mara nyingi hatafuti tena raha, anatafuta asiumwe.

Arosto ilifikisha watu pabaya mpaka mwaka 2005 watafiti wakaripoti kwamba hapa Dar kulikuwa na watumiaji waliokuwa wanagawana damu: mmoja akishajidunga anavuta damu yake kwenye bomba la sindano na kumpa mwenzake asiye na hela naye ajidunge, wakiamini ina unga ndani. Hapo virusi vya UKIMWI na homa ya ini vinasafiri bila nauli.

BANGI
Wapo wanaosema ni majani tu, dawa ya asili. Ndani yake kuna kemikali inaitwa THC, inayogusa sehemu ya ubongo inayohifadhi kumbukumbu na inayopima muda na mwendo. Ndiyo maana mvutaji anasahau alichosema dakika mbili zilizopita, na kuendesha bodaboda hali hiyo ni hatari. Ubongo wa binadamu unaendelea kukomaa mpaka miaka kama 25, kwa hiyo dogo wa form two anayevuta kila siku anaharibu nyumba ambayo bado inajengwa. Na kwa baadhi ya watu, hasa wanaoanza wadogo na kuvuta sana, au wenye ugonjwa wa akili kwenye ukoo, inaongeza hatari ya kuchanganyikiwa, kusikia sauti na kuona wanafuatwa. Tusikimbilie kusema karogwa.

MIRUNGI NA KOKEINI
Hizi hazilazi, zinaamsha. Mirungi kwetu Tanzania ni marufuku, wakati jirani zetu Kenya wanaiita miraa na ni zao la biashara. Ina kitu kinaitwa kathinoni, ndugu wa amfetamini. Mapigo ya moyo yanaongezeka, presha inapanda, njaa na usingizi vinakimbia. Dereva wa usiku anadhani amepata nguvu, kumbe amekopa, na deni anakuja kulilipa kwa uchovu, hasira na huzuni.

Kokeini ni kali zaidi. Inazuia dopamini isirudishwe ilikotoka, na inabana mishipa ya damu. Kijana wa miaka 25 anaweza kupata shambulio la moyo au kiharusi, ugonjwa tuliozoea kuuona kwa wazee.

GUNDI NA POMBE
Watoto wa mitaani wanaonusa gundi wanavuta tolueni, kemikali ya kuyeyushia. Inapumbaza njaa na baridi, lakini inaharibu utando wa mafuta unaofunika nyaya za ubongo, pia figo na ini. Moyo unaweza kusimama ghafla hata kwa anayenusa kwa mara ya kwanza.

Pombe msiisahau kwa kuwa ni halali. Inaharibu ini na ubongo, na mlevi wa miaka mingi akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege na kufa. Huyo aachishwe chini ya uangalizi wa hospitali.

HAPA NDIPO TUNAPOUA
Familia inamfungia kijana chumbani wiki tatu, au anakaa jela miezi sita, au soba hausi. Anatoka amenenepa, watu wanashangilia. Lakini kuacha kabisa kunamaanisha mwili umepoteza ule ugumu wake, wakati kichwa bado kinakumbuka kipimo cha zamani. Siku anayoteleza anatumia kile kile alichozoea, na pumzi inakata. Wiki za mwanzo baada ya kutoka ni hatari kuliko hata alipokuwa anatumia kila siku! Kwa hiyo siku ya kutoka ndiyo ya kumsogelea. Ukimfukuza au ukimsimanga akakimbilia kujificha, akizidiwa huko hakuna wa kumwona.

Ukimkuta amezidiwa, mwite kwa sauti, mtikise. Asipoitika, mlaze kwa ubavu ili matapishi yasimpalie, na mkimbize hospitali. Akiwa hapumui na unajua kumpulizia pumzi mdomoni, mpulizie. USIMNYWESHE MAZIWA wala maji, yataingia kwenye mapafu. Hospitali kuna dawa inaitwa naloksoni, inang'oa heroini kwenye vipokezi ndani ya dakika chache. Waambie waganga ukweli ametumia nini.

TIBA IPO
Februari 2011 Muhimbili ilianza kutoa methadoni, baadaye ikafuata Mwananyamala na Temeke, kisha mikoa kama Mbeya, Mwanza na Dodoma, na Zanzibar pale Kidongo Chekundu. Anakunywa kila siku mbele ya mhudumu, bure. Inakalia vipokezi vile vile ila taratibu, inakaa zaidi ya siku nzima, kwa hiyo hakuna arosto wala haja ya kuiba. Wapo wanaosema "amebadilisha ulevi tu". Hapana jamani. Anayekunywa methadoni kwa utaratibu anaweza kuamka, kufanya kazi na kulea watoto, na hajidungi sindano ya mtu.

Mgonjwa wa kisukari akirudia soda hatumtupi nje, tunamrudisha kliniki. Huyu wa unga naye akiteleza, mrudisheni kliniki.

Naomba kuwasilisha. Maoni ruksa, ila matusi kwa mateja hapana, nao wana mama zao wanaosoma hapa.