Shahada ya uhandisi inavyowaandaa vijana kwa kazi za anga za juu

Tarehe 11 Mei 2018, setilaiti ndogo iitwayo 1KUNS-PF iliachiliwa kutoka sehemu ya Japani ya Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Kifaa hicho, mchemraba wa sentimita 10 kila upande, kilisanifiwa na timu ya Chuo Kikuu cha Nairobi kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Sapienza cha Roma, Italia. Kilikuwa setilaiti ya kwanza ya Kenya. Kwa wazazi na wanafunzi wanaochagua kozi, swali ni hili: shahada ya uhandisi humwandaaje kijana kwa kazi ya namna hiyo?

Jibu limo ndani ya kifaa chenyewe. Setilaiti ya aina hii huizunguka dunia takriban mara 16 kwa siku, ikitoka kwenye jua kali na kuingia gizani. Mhandisi wa umeme hukokotoa nishati ya jua inayopatikana na betri itakayotosha kipindi cha giza. Mhandisi wa mitambo hukabiliana na joto: kwa kuwa huko hakuna hewa, feni haifai kitu, na joto la ziada hutoka kwa mnunurisho pekee, kama lile linaloufikia mkono ulio kando ya makaa. Mhandisi wa kompyuta huandika programu inayoweza kujiwasha upya iwapo miali ya angani itavuruga kumbukumbu.

Maarifa hayo ndiyo yanayotumika pia katika mitambo ya hospitali na minara ya simu. Tofauti ni kwamba setilaiti ikishaachiliwa, hakuna fundi wa kuifuata. Kwa sababu hiyo, kabla ya safari hutikiswa kwa mashine ili kuiga mtetemo wa roketi, kisha hujaribiwa katika chumba kilichoondolewa hewa. Hapo ndipo thamani ya maabara ya chuo huonekana. Mwanafunzi aliyezoea kurekebisha vipimo ili vilingane na kitabu anaweza kuiponza kazi ya timu nzima. Aliyezoea kuripoti kasoro mapema huiokoa.

Kenya si ngeni katika shughuli hizi. Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya Marekani iliyopewa jina Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Wakati huo nchi ilichangia mahali pake palipo karibu na ikweta. Tarehe 15 Aprili 2023, Taifa-1, setilaiti ya kuchunguza ardhi iliyosanifiwa na wahandisi Wakenya, ilirushwa kutoka California, Marekani. Safari hii nchi ilichangia ujuzi.

Kwa mwanafunzi wa sekondari, maandalizi huanzia katika hisabati, fizikia na kemia, pamoja na uaminifu katika kila jaribio analolifanya.