Ranchi Iliyolipia Jumba la Serikali

Wengi wetu tunamjua kauboi kutokana na zile filamu za Jumamosi usiku bwaloni. Anapanda farasi, anachomoa bastola, anabugia pombe, halafu anaondoka jua likitua. Hata mimi sikujua zaidi ya hapo. Likizo iliyopita nilimwambia baba kwamba nataka kuandika juu ya ranchi kubwa ya makauboi. Baba amechunga ng'ombe wa watu katika ranchi moja kwetu Laikipia kwa miaka mingi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza jambo moja tu: "Na kabla ya hao ng'ombe kufika, nani alikuwa pale?" Sikuwa na jibu. Makala haya ndiyo jibu langu.

Ranchi yenyewe iliitwa XIT. Ilikuwa kaskazini-magharibi mwa jimbo la Texas, Marekani, kwenye mpaka wa New Mexico. Ilikuwa na ekari milioni 3, urefu wake kama maili 200, nayo ilipitia kaunti 10. Ukizigeuza ekari hizo ziwe kilomita za mraba unapata 12,000 hivi. Yaani ranchi moja ilikuwa kubwa kuliko Laikipia nzima!

Sasa nianze na swali la baba. Mbuga zile zilikuwa za Wacomanche na Wakiowa, watu wa farasi walioishi kwa kuwinda nyati wa Marekani. Katika miaka ya 1870, wawindaji wa ngozi waliwafyeka nyati hao kwa mamilioni. Kisha mnamo Septemba 1874, jeshi la Marekani likiongozwa na Kanali Ranald Mackenzie likazivamia kambi zao katika bonde la Palo Duro. Watu waliouawa hawakuwa wengi, lakini askari waliwateka farasi wao na kuwapiga risasi zaidi ya 1,000. Ebu fikiria: mtu wa mbugani asiye na farasi wala nyati atakula nini? Mnamo Juni 1875, Wacomanche wa mwisho, pamoja na kiongozi wao Quanah Parker, walijisalimisha. Wakawekwa katika hifadhi huko ambako leo ni Oklahoma. Baada ya hapo ndipo ardhi ile ikaitwa tupu.

Je, ranchi ilipatikana vipi? Serikali ya Texas ilitaka jumba jipya la bunge mjini Austin, lakini mfuko wake ulikuwa mwepesi. Kitu ilichokuwa nacho tele ni ardhi. Mwaka wa 1879 bunge likatenga ekari hizo milioni 3 ziwe malipo ya ujenzi. Jumba la zamani lilipoungua mwaka wa 1881, kazi haikuweza kungoja tena. Mwaka wa 1882 mkataba ukaangukia mikononi mwa matajiri wa Chicago, wakiwemo ndugu wawili, John na Charles Farwell. Wao wajenge jumba, serikali iwape ardhi. Jumba hilo la mawe mekundu lilikamilika mwaka wa 1888 na lipo hadi leo. Mawe yenyewe yalichimbwa na wafungwa.

Matajiri hao hawakuwa wafugaji. Nia yao ilikuwa kuwauzia wakulima ile ardhi, lakini wakulima walikuwa bado hawajafika. Wakaona heri waweke ng'ombe kwa muda. Fedha walizitafuta London, ambako kampuni iliundwa mwaka wa 1885. Julai mwaka huo, Ab Blocker alifikisha kundi la kwanza. Inasemekana yeye ndiye aliyebuni ile chapa ya XIT. Ilipigwa kwa chuma kimoja kilichonyooka, mara tano tu, na mwizi angepata taabu kuigeuza iwe chapa nyingine.

Kisha zikaja seng'enge. Ranchi ilizungushiwa na kugawanywa kwa ua wa maili 1,500 hivi. Kwa kuwa mito ilikuwa michache, walichimba visima, wakasimamisha pampu za upepo zaidi ya 300, wakajenga na mabwawa. Ilipofikia kilele chake ilikuwa na ng'ombe 150,000, farasi 1,500 na makauboi 150. Maksai walipelekwa kwa miguu hadi Montana, safari ya miezi, ili wanenepe kabla ya kuuzwa.

Na bastola? Kumbe sheria za ranchi za mwaka wa 1888 ziliwakataza wafanyakazi kubeba bastola, kunywa pombe na kucheza kamari! Kauboi wa kweli alikuwa kibarua wa kurekebisha ua, kuvuta ng'ombe matopeni na kulala nje kwenye baridi.

Pamoja na ukubwa huo wote, faida ilikuwa haba. Bei ya ng'ombe ilianguka, ukame ukaja, theluji ikaua mifugo, na wenye fedha wa London wakataka chao. Wahenga walisema chovya chovya humaliza buyu la asali. Kuanzia 1901 ardhi ikauzwa vipande vipande. Mnunuzi mmoja, George Littlefield, alichukua zaidi ya ekari 235,000 mwaka huo huo. Ng'ombe wa mwisho waliuzwa 1912, na kipande cha mwisho cha ardhi 1963.

Nilipomsomea baba haya, alicheka sana kuhusu bastola. "Hata sisi tunabeba fimbo tu," akasema. Halafu akanyamaza. Nilijua anawaza nini, maana tumesoma darasani kuhusu mikataba ya 1904 na 1911, jinsi Wamaasai walivyoondolewa Bonde la Ufa, wengine wakapelekwa Laikipia, kisha wakaondolewa na huko pia ili walowezi wapate malisho.

Basi msomaji mwenzangu, ukisikia kwamba ranchi fulani ilianzishwa katika ardhi tupu, usikubali haraka. Uliza kama baba yangu: kabla ya ng'ombe kufika, nani alikuwa pale? Aghalabu ardhi haikuwa tupu, bali ilifanywa tupu.