Je, mzee aliyepita miaka 70 aendelee kupimwa kansa ya tezi dume?

Mzee mmoja wa miaka 78 aliletwa katika kliniki yangu na mwanawe, ambaye alitaka apimwe kansa ya tezi dume kama ilivyokuwa kila mwaka. "Daktari, baba hana shida yoyote ya mkojo," aliniambia, "lakini si ni heri kujua mapema?" Mzee mwenyewe ana ugonjwa wa sukari na moyo wake umedhoofika.

Niliwashauri waache kipimo hicho. Mwanawe alishangaa, na huenda nawe msomaji umeshangaa.

Tezi dume ni kiungo kidogo kilicho chini ya kibofu cha mkojo. Kipimo cha damu kiitwacho PSA huweza kuonyesha dalili za kansa, lakini kiwango chake hupanda pia tezi inapokua kwa sababu ya uzee tu au inapopata maambukizi. PSA ikiwa juu, huenda mgonjwa akadungwa sindano ya kutoa vipande vidogo vya tezi ili vichunguzwe. Hapo anaweza kuvuja damu au kupata maambukizi. Kansa ikipatikana, upasuaji au matibabu ya miale yanaweza kumwacha akitokwa na mkojo bila kujizuia, tena bila nguvu za kiume.

Isitoshe, kansa hii mara nyingi hukua polepole. Faida ya kuigundua mapema huchukua miaka kumi hivi au zaidi kuonekana, na wazee wengi walio nayo hufa kwa maradhi mengine. Ndiyo sababu mwaka wa 2018 jopo la wataalamu wa Marekani lilipendekeza kwamba wanaume wa miaka 70 na zaidi wasipimwe PSA kama desturi. Wale wa miaka 55 hadi 69 waamue baada ya kushauriana na daktari.

Utauliza, je, Joe Biden? Mnamo Mei 2025, rais huyo wa zamani wa Marekani, akiwa na miaka 82, alipatikana na kansa hii ikiwa imefika mifupani. Ofisi yake ilisema kipimo chake cha mwisho cha PSA kinachojulikana kilifanywa 2014. Ni kweli, kuacha kupimwa nako kuna hatari yake, kwani baadhi ya kansa hizi ni kali. Kwa hivyo umri pekee hautoshi. Mzee wa miaka 72 mwenye afya njema, ambaye babake au nduguye aliugua kansa hii, azungumze na daktari kabla ya kuacha.

Ushauri huu ni wa asiye na dalili. Mkojo ukitoka kwa shida au ukiwa na damu, au mgongo na nyonga zikiuma bila kupoa, nenda hospitali upimwe, hata ukiwa na miaka 90.

Mzee yule alirudi nyumbani na dawa za sukari na tarehe ya kuja kuangaliwa moyo. Hayo ndiyo yaliyokuwa yakihatarisha maisha yake.