Baiskeli, Kipupwe na Usukani wa Chuma

Mtu akitaka kujua kwamba kipupwe kimefika mkoani Kigoma hahitaji kipimajoto. Na aitazame chupa ya mawese jikoni. Mchana wa jua mafuta hayo ni mepesi na humiminika bila shida. Alfajiri ya mwezi wa Julai yamekuwa mazito kama uji, na mpishi huyachota kwa kijiko. Mawese ni mchanganyiko wa mafuta ya namna nyingi, kila moja likiwa na halijoto yake ya kuyeyuka, na ndiyo sababu hayagandi kwa mara moja kama maji yafanyavyo.

Watu wa Dar es Salaam hucheka wakisikia kwamba Kigoma kuna baridi, na kwa upande wa mjini wana haki kidogo. Kigoma na Ujiji zimekaa ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, na ziwa hilo, ambalo kina chake hufikia mita 1470, ni ghala kubwa mno la joto. Maji yake ya juu hayapoi sana hata wakati wa kipupwe. Usiku huupasha mji joto kama jiko ambalo makaa yake yamefunikwa majivu. Kidahwe iko mbali na jiko hilo. Iko bara, mashariki ya ziwa, pale barabara kuu itokayo Kigoma inapogawanyika, tawi moja likielekea Kasulu na jingine Uvinza. Huko, usiku wa Juni na Julai mbingu aghalabu haina wingu, hewa ni kavu, na ardhi hupoteza joto lake kwa mnururisho pasipo blanketi la kulizuia. Hewa iliyogusana na ardhi hiyo hupoa, huwa nzito, kisha huteremka mabondeni polepole kama maji. Basi apandaye baiskeli alfajiri hukutana na jambo linalowashangaza wengi: baridi kali zaidi humngoja chini bondeni, wala si juu ya kilima.

Haya nilijifunza kwa mwili wangu kabla ya kuyafikiri. Miaka michache iliyopita nilikaa Kidahwe majuma matatu, nikiwakagua wanachuo waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha. Gari la kunipeleka katika shule za vijijini halikupatikana, nikaazima baiskeli, zile nzito za kufanyia kazi, zenye keria la kubebea gunia na breki za vyuma. Nilipokuwa nikisomea udaktari wa falsafa Uholanzi nilikuwa nikienda maabara kwa baiskeli hata siku ambazo madimbwi yaliganda, hivyo nilijiona mtaalamu. Kiburi hicho kilidumu asubuhi moja.

Kipimajoto nilichokitundika mlangoni kilionyesha nyuzi 14 za Selsiasi. Nikavaa koti zito, nikaondoka saa kumi na mbili. Baada ya kupanda kilima cha kwanza nilikuwa nimelowa jasho mgongo mzima. Nilipoanza kuteremka upande wa pili, nikatetemeka kama mgonjwa wa malaria.

Hesabu yake ni rahisi na inafaa darasani. Mtu wa kilo 65 juu ya baiskeli ya kilo 20, akienda kilomita 15 kwa saa kwenye njia tambarare ya udongo, huhitaji nguvu ya wati 70 hivi magurudumuni. Lakini misuli yetu si mashine ya kusifiwa sana: katika nishati ya chakula inayoitumia, kiasi cha robo tu ndicho hugeuka kuwa kazi. Ili kupata wati 70 mwili hutumia karibu wati 300, na hizo 230 zilizobaki ni joto. Mtu aliyeketi kimya hutoa wati 80 tu. Kwa maneno mengine, mwendesha baiskeli amebeba ndani yake jiko lenye moto wa karibu mara tatu ya kawaida, na katika kupanda mlima moto huongezeka zaidi. Anayevaa koti zito wakati anapoondoka amelivalia jiko ambalo bado halijawashwa.

Mteremkoni mambo hugeuka. Miguu imetulia, jiko limerudi kwenye wati zake 80 au zaidi kidogo, na baiskeli inakimbia mara mbili ya kasi ya awali. Shati limelowa. Gramu moja ya jasho ikigeuka mvuke huchukua jouli 2400 hivi. Tuseme shati limebeba gramu 50 tu, nalo likakauka katika dakika 20: hizo ni jouli 120,000 katika sekunde 1200, yaani wati 100. Hata kama sehemu ya joto hilo inatoka katika hewa, sehemu kubwa hutoka mwilini. Mwili unatumia zaidi ya unachozalisha, kama nyumba ambayo matumizi yameshinda mshahara.

Na upepo nao una sehemu yake. Ngozi ya mtu aliyesimama hufunikwa na tabaka jembamba la hewa iliyopata joto, ambalo ni vazi lisilonunuliwa dukani. Mwendesha baiskeli hujitengenezea upepo wake mwenyewe, hata siku ambayo jani halitikisiki, na upepo huo hulivua vazi hilo. Mwaka 1941 Wamarekani wawili, Paul Siple na Charles Passel, walilipima jambo hili huko Antaktika kwa chombo cha plastiki chenye maji. Walikitundika nje penye upepo, wakahesabu muda ambao maji yalichukua kuganda. Kwa kanuni mpya iliyotumika Kanada na Marekani tangu 2001, hewa ya nyuzi 10 yenye upepo wa kilomita 20 kwa saa huupoza uso kama hewa tulivu ya nyuzi 7. Kanuni hiyo haikutungwa kwa halijoto inayozidi nyuzi 10, basi mwalimu asije akaitumia kwa Kidahwe akapata majibu ya uongo. Wazo lenyewe, hata hivyo, ni lile lile.

Siku ya pili niliondoka na shati jepesi, koti nimelifunga kwenye keria, na gazeti kuukuu mfukoni. Kilimani juu nikalitia gazeti kifuani chini ya shati, nikavaa koti, ndipo nikateremka. Hila hii si yangu. Waendeshaji wa mashindano ya Tour de France wameitumia kwa miaka mingi wavukapo milima mirefu. Karatasi huzuia upepo, na hewa iliyonaswa kati ya kurasa haipitishi joto kwa urahisi.

Breki zilinipa somo la siku ya tatu. Baiskeli ililala nje, na umande ulitanda kwenye rimu zake, kwa kuwa chuma nacho hupoteza joto usiku kuelekea angani. Rimu ya chuma king'aacho ikilowa, mpira wa breki huteleza juu yake na msuguano hupungua vibaya sana. Niliishia mtaroni. Tangu hapo sikuteremka bila kwanza kuzikausha breki kwa kuzibana kidogo kidogo mahali tambarare. Ningependa kila mzazi anayempa mtoto baiskeli ya kwendea shule alijue jambo hili.

Kuhusu magurudumu, tairi lililojazwa saa tisa alasiri, hewa ikiwa nyuzi 30, hupungua kanieneo kwa karibu sehemu 5 katika 100 ifikapo alfajiri ya nyuzi 14. Mwanafunzi atalithibitisha akikumbuka kuongeza 273 kwa kila halijoto, na kuhesabu pia kanieneo ya angahewa. Si jambo kubwa. Lililo kubwa zaidi ni pumzi. Hewa kavu ya baridi, ikivutwa kwa mdomo na kwa kasi, hukausha njia za hewa, na kwa wenye pumu, hata ambao hawajajijua kuwa nayo, njia hizo huweza kubana. Vumbi la kiangazi huongeza taabu. Mwanafunzi anayekohoa na kukorota kifua kila afikapo shuleni kwa baiskeli asiambiwe kwamba hana mazoezi, apelekwe akapimwe.

Lakini kisa kilichonifanya niandike makala haya kilihusu vidole. Mwanachuo wangu mmoja, mwalimu wa Kiswahili, alinionyesha daftari la msichana wa Kidato cha Pili.

"Shikamoo, Dokta. Tazama huyu. Ni mvivu asubuhi tu. Baada ya mapumziko mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu."

Kweli, kurasa za kipindi cha kwanza zilikuwa kama zimeandikwa na mtu mwingine, na kila moja ilikuwa na onyo kwa wino mwekundu. Mara mbili alikuwa ameadhibiwa. Nikauliza anatoka wapi. Alikuja kwa baiskeli, mwendo wa karibu saa nzima, mikono mitupu juu ya usukani ambao vishikio vyake vya mpira vilikuwa vimekwisha zamani. Mwili ukihisi baridi huifinya mishipa ya damu ya mikononi ili kulihifadhi joto la kifuani na tumboni. Vidole vikipoa, ujumbe katika neva hupungua kasi, takriban mita 2 kwa sekunde kwa kila nyuzi moja, na viungo huwa vigumu. Mtoto huyo alikuwa akishika kalamu kwa vidole ambavyo bado havijafika shuleni.

Mwanachuo alinyamaza kitambo. Jioni ile alikata vipande vya tyubu kuukuu, akaufunga usukani mwenyewe, na akamwomba msichana radhi mbele ya darasa. Jambo hilo la mwisho mimi sikumwagiza. Msichana aliongeza soksi mikononi kwa hiari yake. Sidai kwamba huu ni utafiti, kwani mtoto mmoja si kipimo, na juma lile hewa ilipata joto kidogo.

Asubuhi iliyofuata, kabla ya kengele, aliuliza swali ambalo mwalimu wa fizikia alilichukua likawa somo la siku. Chuma na mpira vimelala nje pamoja usiku kucha: mbona chuma kina baridi na mpira hauna? Darasa zima lilikubali kwamba chuma kina baridi zaidi. Tulifunga vipimajoto viwili kwenye usukani wa baiskeli iliyolala kivulini, kimoja juu ya chuma kitupu, kimoja juu ya mpira, tukangoja dakika 10. Vyote viwili vilisoma nyuzi 16. Wavulana wawili walidai kwamba kimoja kimeharibika, wakavibadilisha mahali, wakangoja tena. Mabishano yalikuwa bado yanaendelea kipindi kilipokwisha.