Upande Mchafu na Upande Safi: Jinsi ya Kubadili Chujio la Dizeli Nyumbani

Gari lililetwa likivutwa kwa kamba. Lilikuwa Hilux ya injini ya 5L, ile dizeli ya lita 3.0 isiyo na kompyuta, na mwenyewe alishangaa kwa sababu jana yake tu alikuwa amelibadilishia chujio la dizeli kwa mkono wake. Chujio lilikuwa jipya, limekaza vizuri, halivuji hata tone. Lakini asubuhi gari lilianza kumisi, likatoa moshi mweupe, likakosa nguvu mlimani na mwisho likazima. Nilimuuliza alilifungaje. Akanijibu bila kusita: "Nililijaza dizeli kwanza, fundi, lisije likashika upepo." Dizeli hiyo aliitoa kwenye dumu lililokuwa stoo, akaimimina kupitia tundu kubwa la katikati.

Tulipofungua nozeli, mbili kati ya nne zilikuwa zimekwama kwa uchafu. Chujio alilolinunua ili lilinde pampu ndilo aliloligeuza njia ya kupitishia taka.

Simlaumu. Kubadili chujio la dizeli ni kazi nyepesi ambayo mwenye gari yeyote anaweza kuimaliza nyumbani chini ya saa moja, kwa vifaa vichache. Ninachotaka msomaji aondoke nacho ni jambo moja: chujio lina upande mchafu na upande safi, na kila hatua ya kazi hii, tangu kupangusa vumbi mpaka kuwasha gari, ni kulinda ule upande safi.

Kilichomo ndani ya kopo

Chukua chujio jipya, ligeuze mdomo juu uangalie. Utaona tundu kubwa moja katikati, lenye nyuzi za kufungia, na kulizunguka kuna matundu madogo mengi. Dizeli inayotoka tanki huingia kwa matundu madogo, ikajaa pembezoni mwa kopo. Hapo bado ni chafu. Kisha hupenya karatasi iliyokunjwakunjwa kama feni ya mkono, na kinachovuka karatasi hiyo hupanda kwa tundu la katikati kwenda kwenye pampu. Baada ya hapo hakuna karatasi nyingine ya kukamata uchafu. Ukimimina dizeli katika tundu la katikati, umeiruka karatasi, na chochote kilichomo kitafika kwenye pampu na nozeli.

Kwa nini chembe ndogo zilete balaa kubwa hivyo? Unywele wa binadamu una unene wa takriban mikroni 70. Vyuma vinavyosuguana ndani ya pampu na nozeli vimeachiana nafasi ya mikroni chache tu, na havina oili ya kuvilainisha zaidi ya dizeli yenyewe. Vumbi usiloweza kuliona kwa macho, kwa nozeli ni kama changarawe kwenye unga wa ugali.

Adui wa pili ni maji. Huingia kwa njia nyingi: mvua kwenye pipa lisilofunikwa vizuri, matangi ya chini ya ardhi ya sheli, au hewa yenye unyevu inayopoa usiku na kuacha matone kwenye tanki lililo nusu. Maji ni mazito kuliko dizeli, hivyo hutuama chini. Pale maji na dizeli yanapokutana, vijidudu na kuvu huota na kufanya utelezi mweusi unaoziba karatasi. Maji hayo pia huleta kutu na huondoa ulaini ambao vyuma vya pampu vinautegemea. Maji yakimwagika hayazoleki, na yakishakwangua pampu, chujio jipya haliwezi kuirudisha ilivyokuwa.

Kuna kitu kimoja ambacho chujio haliwezi kukizuia: mafuta ya taa. Hayo huchanganyika na dizeli kabisa, na karatasi huyapitisha kama yalivyo. Ndiyo maana uchakachuaji ulihitaji hatua za serikali. Nchini Tanzania, EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010. Kenya nayo mwaka 2018 iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya kuyachanganya. Suala hilo limo mikononi mwa wakaguzi. Vumbi na maji ni juu yako.

Kununua

Nenda dukani na namba ya chesisi, na ikiwezekana na chujio la zamani mkononi. Wauzaji wa Kariakoo au wa Barabara ya Kirinyaga kule Nairobi watakuwekea mezani makopo matatu yanayofanana, bei zikipishana sana. Yaweke karibu na lako. Linganisha kimo, nyuzi za tundu la katikati, upana wa mpira wa juu, na uangalie kama chini kuna nafasi ya kufungia sensa ya maji. Mengine hayana, na utaligundua hilo ukiwa nyumbani umeshafungua gari. Kisha chungulia ndani kwa tochi: karatasi iwe na mikunjo iliyobanana na iliyopangika, siyo michache iliyolegea. Nunua pia oringi mpya ya sensa. Ni kitu cha bei ndogo, na bila hiyo kazi yote inaweza kuharibika.

Mengine ni haya: spana ya filta, ya mkanda au ya mnyororo, beseni, matambara safi yasiyotoa nyuzi, glovu, na chupa ya kioo yenye mdomo mpana. Kazi ya chupa hiyo utaiona baadaye.

Kazi yenyewe

Egesha gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono, subiri injini ipoe. Dizeli haishiki moto upesi kama petroli, lakini ikimwagikia bomba la moshi lenye moto inaweza kuwaka. Sigara na jiko la mkaa vikae mbali.

Fungua boneti. Kwenye Hilux za injini za 2L, 3L na 5L utaona kopo la chujio limening'inia chini ya kichwa cha alumini chenye kitufe kikubwa juu yake. Kitufe hicho ndicho pampu ya mkono. Kabla hujagusa spana, pangusa. Kichwa cha alumini, maungio ya mipira, kopo lote, vyote vitoke vumbi. Hatua hii watu wengi huiruka kwa sababu haionekani kama kazi. Lakini ukishafungua kopo, tundu la kwenda kwenye pampu linabaki wazi, na vumbi uliloliacha ukingoni linasubiri mtikisiko mmoja tu lidondoke ndani.

Chomoa waya wa sensa chini ya kopo. Weka chupa ya kioo chini, legeza koki ya kumwagia maji, kisha bonyeza pampu ya mkono mara kadhaa mpaka dizeli ianze kutoka. Jaza kiasi cha nusu chupa, iweke kando. Sasa zungusha kopo kinyume cha saa kwa spana ya filta. Likilegea, malizia kwa mkono huku umelisimamisha wima, kwa maana bado limejaa. Kinga kwa beseni, na funika mipira ya maji kwa tambara, kwani dizeli huilainisha na kuivimbisha.

Kopo likishatoka, tazama kichwa cha alumini. Je, mpira wa zamani umetoka pamoja na kopo, au umenata juu? Mpira ukibaki na ukafunga mwingine juu yake, haitashikana kamwe. Uhakikishe kwa kidole.

Hamisha sensa kutoka kopo la zamani kwenda jipya. Isafishe, ivishe oringi mpya, ipake dizeli kidogo, ikaze kwa mkono. Ni ya plastiki. Ukiikaza kwa plaizi kwa nguvu zote, itapasuka.

Sasa mpira wa chujio jipya. Upake dizeli kwa ncha ya kidole, lipandishe kopo, lizungushe polepole mpaka usikie mpira umegusa. Kutoka hapo ongeza robo tatu ya mzunguko, kwa mkono. Spana ni ya kufungulia. Anayekaza kwa spana anaubana mpira mpaka unakatika, na mtu wa kubadili safari ijayo atalia.

Umeona kwamba sikusema ulijaze dizeli. Lifunge likiwa tupu. Pampu ya mkono itavuta dizeli kutoka tanki na kuipitisha penye karatasi, kama inavyotakiwa.

Kutoa upepo

Rudisha waya wa sensa, hakikisha koki imefungwa, kisha anza kupampu. Mwanzoni kitufe kitakuwa chepesi, kwa sababu unasukuma hewa. Endelea. Baada ya mara thelathini, arobaini, wakati mwingine zaidi, utahisi kimeanza kugoma chini ya kiganja. Hapo dizeli imefika. Ongeza mara kumi nyingine, na usiwe na haraka. Dakika mbili za kiganja zinaokoa betri na stata.

Washa. Ikikataa ndani ya sekunde kumi na tano, achia, pumzisha stata dakika moja, pampu tena. Ikiwaka, iache itulie bila kukanyaga mafuta, huku ukichungulia kopo kwa tochi.

Hapa kuna jambo linalowachanganya hata mafundi. Katika magari haya, chujio liko kwenye sehemu ambayo dizeli huvutwa, haisukumwi. Kwa hiyo palipolegea hapatoi tone, panavuta hewa. Ukiangalia chini pakavu, unadhani kazi ni safi. Dalili huja kesho yake: gari lililokuwa likiwaka kwa pigo moja sasa linazungushwa mpaka betri inachoka, kwa sababu usiku hewa iliingia na dizeli ikarudi tanki. Ukiona hivyo, usikimbilie kulaumu pampu. Rudi kwenye mpira wa kopo na oringi ya sensa. Mara nyingi tatizo liko hapo.

Chupa inasemaje

Sasa irudie chupa yako. Kwa muda uliofanya kazi imetulia, na inakueleza hali ya tanki lako bila kukuficha. Dizeli iliyo sawa hung'aa, unaona kidole chako nyuma ya kioo. Ukiona mpaka umejichora, juu rangi ya dizeli na chini kimiminika cheupe, hayo ni maji. Kama maji ni ya kimo cha kidole, badilisha sheli na mwaga maji ya tanki pia. Utelezi mweusi una maana kwamba vijidudu vimeota, na tanki linahitaji kushushwa na kuoshwa. Chembe za kutu zinaonyesha kwamba tanki lenyewe linakwisha.

Chujio la zamani litupe. Kuna tabia ya kulipuliza kwa kompresa au kuliosha kwa petroli ili lirudi kazini. Upepo wa kompresa hutoboa karatasi, na karatasi iliyotoboka hupitisha dizeli kwa wepesi sana. Gari litaonekana limepata nguvu, kumbe mlinzi ameondoka mlangoni. Dizeli chafu usiimwage mtaroni wala chini ya mti. Iweke kwenye dumu lenye kifuniko na uipeleke gereji wanakokusanya oili chafu.

Kwa wenye injini za kisasa

Hilux za D-4D na pikapu nyingine za kizazi hicho hubadilishwa chujio kwa mantiki ileile, ingawa nyingine zina karatasi inayobadilishwa ndani ya kopo la kudumu. Tofauti kubwa ni shinikizo. Mabomba ya chuma yanayokwenda kwenye nozeli hubeba dizeli kwa zaidi ya bar 1,000, wakati tairi ya pikapu hubeba bar mbili au tatu. Mchirizi wake, hata mwembamba kuliko sindano, hutoboa ngozi na kuingiza dizeli mwilini, na hilo ni jeraha la kukimbizwa hospitali hata kama linaonekana dogo. Ule mtindo wa zamani wa kulegeza nati za nozeli huku gari likizungushwa ili kutoa upepo, hapa ni marufuku. Pampu kwa mkono. Ikishindikana, mwite fundi mwenye vifaa.

Kuhusu muda, fuata kitabu cha gari lako kama unaiamini dizeli unayoiweka. Kwa magari yanayofanya kazi kwenye vumbi na kunywa dizeli ya madumu, mimi hubadilisha kila kilomita 10,000, yaani kila oili ya pili, na kumwaga maji kila oili. Taa ya maji ikiwaka kwenye dashibodi, usisubiri kufika nyumbani: simama, fungua koki, mwaga.

Chujio ni moja ya vipuri vya bei nafuu kuliko vyote vya gari la dizeli, na pampu ni kati ya vile vya bei mbaya kabisa. Jumamosi hii fungua boneti, mwaga nusu chupa kutoka chini ya kopo, iache itulie, kisha itazame kwenye mwanga wa jua.